Meza Yangu Haitoke

Leo nimekosa blanketi ya zawadi, na sijute hata kidogo.

Munajua asubui yangu. Bwana akisha kwenda ku kazi, natia miguu mu beseni ya maji baridi, karanga pembeni, naandika hadisi za gazeti ya misioni.

Njo vile Madamu wa fuwaye, ile nyumba wanafundisha wanawake kushona na usafi, alinikuta. Yeye anapita nyumba kwa nyumba kuangalia usafi, na nyumba inayokuwa ya kwanza kwa usafi inapata blanketi.

Aliangalia sufuria, akapitisha kidole juu ya kabati. Yote muzuri.

Kisha akaonyesha meza.

"Toa hizi karatasi. Weka kitambaa na maua, blanketi itakuwa yako."

Miguu ingali mu maji, nikamujibu: "Madamu, hapa iko mahali pa kazi yangu."

"Kazi ya mwanamuke ni nyumba yake."

"Na hii meza iko mu nyumba yangu."

Madamu akamugeukia mama ya bwana yangu, anayekaa na sisi, aliyekuwa ku mulango. Yule yule anayeniita muvivu kila siku.

Nilijua nimekwisha.

Mama alikuja polepole, akaweka mukono juu ya karatasi.

"Madamu, hadisi ya juma iliyopita ilikuwa ya kijiji yetu. Mutoto wangu, bwana ya huyu, alinisomea mara tatu. Meza haitoke."

Madamu akaandika kitu mu kitabu chake, akaenda kwa jirani. Blanketi iko kule.

Ninyi mungetoa meza? Semeni.

Miye sina wakati ya kubishana. Mama amevuta kiti karibu yangu.

"Andika vile tulivuka muto wakati wa mvua," anasema. "Na usinikate maneno."