Jamaa wa Koti la Kijivu Nyuma ya Goli

Kipa wa akiba haangaliwi na mtu.

Ndiyo maana siku nilipomwona jamaa mmoja nyuma ya goli, ananikodolea macho mimi tu, nilijua nimekwisha.

Ilikuwa vuli ya 1990, mjini Forst, upande wa Mashariki wa Ujerumani. Ujerumani mbili zilikuwa zimeungana wiki hiyohiyo. Mimi, Holger, nilikuwa wa benchi kwenye timu ya kiwanda cha nguo tangu ujana wangu. Mwaka ule nilidaka mechi moja tu, kipa wetu namba moja, Lothar, alipovunjika kidole.

"Lothar, unamjua yule wa koti la kijivu?"

"Simjui, na mimi hata hanitazami." Akacheka. "Wamekuja kukubeba, mzee!"

Utani huo ulinikata maini. Kaka yangu alitorokea Magharibi zamani, na watu wa usalama walishaniita mara mbili kunihoji. Sawa, serikali yao ilikuwa imeanguka. Lakini wao wenyewe walikwenda wapi? Si walikuwa humuhumu mitaani?

Kesho yake nikamwona dukani kwa muuza mikate, anaonyeshwa mtaa wetu. Nilirudi nyumbani kwa kuruka ukuta wa uani. Mke wangu, Kerstin, akafunga mapazia mchana kweupe.

"Wakikuchukua, mimi na mtoto tutakuwa wageni wa nani?" aliniuliza huku anatetemeka.

Kengele ya chini ikalia, tukabana pumzi. Tukamsikia jirani wa chini, Mama Noack, akifungua mlango.

"Holger? Mlevi yule!" Sauti yake ilipanda ngazi hadi kwetu. "Mchana mnamwona uwanjani, jioni sisi tunamwokota kwenye ngazi! Hata sasa hivi yuko baa. Nenda zako, baba."

Ndivyo tulivyolindana miaka yote kwenye jengo letu. Akija mgeni kumuulizia mtu, unamchafua mtu wako mpaka mgeni amchoke. Siku hiyo nilimkumbatia yule mama nikalia.

Jamaa hakuonekana tena. Nikaanza kulala usingizi.

Mwezi uliofuata kipa wetu wa tatu, Ronny, akaja kutuaga. Amepata mkataba Bremen, kule Magharibi.

"Yule wa koti la kijivu ndiye kanichukua," akasema. "Alikuwa anatafuta kipa wa akiba, kimyakimya, kocha asijue. Aliiona ile mechi yako, kaka. Alikutaka wewe. Alipofika mtaani kwako akaambiwa wewe ni mlevi."

Nikakaa palepale kwenye nyasi.

Kiwanda kikafungwa, timu ikafa nacho. Sikudaka tena.

Mama Noack bado ni jirani yangu. Akioka keki huniletea kipande, na hakosi kunikumbusha: "Unakumbuka nilivyokuokoa?"

"Nakumbuka, mama. Asante."

Ndugu zangu, mtu akikuulizia, tetemeka ukitaka. Lakini fungua mlango, umuulize mwenyewe anataka nini.