Fundi Yupi?

Kaka yangu ni fundi cherehani, na kwa mkono simjui wa kumshinda. Kwa moyo, tuyaache. Akiudhiwa hagombi, ananyamaza, halafu anakuwekea. Marehemu mama alikuwa akisema kinyongo cha huyu mtoto hakiozi.

Alimpenda binti wa jirani, tuliyemwita Kicheko kwa kuwa hata mlango ukilia yeye anacheka. Mchana mmoja kaka alikwenda kwa kina Kicheko kupeleka gauni la mama yake binti. Kabla hajapiga hodi akamsikia Kicheko ndani: "Fundi simtaki, hata mkinifunga kamba." Kaka akageuka na gauni lake mkononi.

Sasa niambie wewe, mtaa mmoja una mafundi wangapi? Wa rangi, wa redio, wa viatu. Yeye alisikia katajwa yeye tu. Kuuliza si ujinga, lakini kwake kuuliza ni kufa.

Kicheko alimngoja mwaka mzima aseme neno. Wapi. Alipochoka akamkubali karani mmoja, na gauni la harusi akaja kushonesha kwetu. Nilikuwepo, natia vifungo. Kaka alimpima bila kumtazama usoni.

"Huna la kuniambia?" Kicheko akamuuliza.

"Inua mkono," akajibu.

Mgongoni hakushona. Alipiga bandi tu, ile mishono mirefu ya kushikiza kitambaa kwa muda, ambayo fundi huifumua akishashona. Akapiga pasi, akakunja vizuri. Niliona, nikaendelea na vifungo vyangu, maana damu nzito kuliko maji. Mungu anisamehe.

Siku ya harusi Kicheko aliinama kumwamkia mama mkwe, gauni likaachia kuanzia shingoni hadi kiunoni. Ukumbi mzima ulicheka. Ukweni wakambatiza jina la Mpasuko, na mumewe akalidaka. Miaka sita alilivumilia, kisha akamchukua mwanawe akarudi kwao.

Juzi mama yake alikuja dukani, hana hata nguo ya kushona. Akamwambia kaka usoni: "Baba, mwanangu alikukosea nini? Tulimletea mchumba, fundi bomba, akamkataa kwa ajili yako. Na kesho anahama, hataki tena kuuona mtaa huu."

Kaka aliacha kukanyaga cherehani. Mama wa watu alipoondoka nikamshika mkono. "Nenda kamwombe radhi, kaka. Bado yupo. Nitakusindikiza."

"Angetaja bomba," akasema. "Kosa ni lake." Akaendelea na kola yake. Nimekula chungu kimoja na mtu huyu tangu utoto, na saa ile nilimchukia.

Asubuhi nilikwenda mwenyewe. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa. Nilimweleza Kicheko yote, nikalia, nikamwombea kaka msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama siku ile niliiona bandi.

Nikamwambia niliiona.

Akampandisha mtoto garini, akapanda na yeye.