Shemeji alipokimbilia juu

Leo nimemcheka mtu aliyembeba mwanangu.

Tulikuwa ndani hapa nyumbani Marangu, ardhi ikatikisika mpaka mabati yakalia. Tukatoka wote mbio. Shemeji, mke wa kaka, ni mtu wa Pangani, pwani. Yeye hakusimama uani, alipandisha mlima akipiga kelele, "Pandeni juu, bahari inakuja."

Bahari. Huku Kilimanjaro.

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Akarudi anahema, akafungua khanga. Ndani yake binti yangu, niliyemwacha amelala chumbani.

"Shemeji, mtoto wako huyu. Wewe umetoka na nini?"

Nilikuwa nimekumbatia ndoo ya pombe ya mbege.

Mama akachungulia. "Na haijamwagika hata tone."

Jamani, bado niko huku mgombani. Nikirudi ndani naanzaje?