Kikohozi cha Mama Ngazi

Kwenye lile jengo la ghorofa tano walimwita Mama Ngazi, maana ngazi zote, kutoka paani hadi mlangoni, alizisugua yeye. Wapangaji wakimkuta hawakosi neno.

"Mama Ngazi, leo unataka tujione sura sakafuni?"

"Wengine mkijiona mtashtuka!" Na kicheko chake kikashuka ngazi kabla yake.

Kisha pumzi ikaanza kumwishia. Mwanzo alipumzika akifika ghorofa ya nne, baadaye ya pili, mwisho hata ngazi za kwanza zikamshinda. Akabuni mbinu. Akisikia nyayo, anainama kama anayefuta doa, anabana mdomo, anameza kuhema kwake mpaka mtu apite. Aliogopa wakijua watamweka mwingine. Msimamizi wa jengo akipita huuliza tu, "Hilo doa bado halijatoka?"

Siku alipoanguka na ndoo yake, aliyempeleka hospitali ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo usio na breki. Baada ya vipimo daktari akawaeleza. Damu iliganda zamani kwenye mishipa ya mapafu, haikuyeyuka yote, ikaacha makovu yaliyoibana mishipa, na mingine kuiziba kabisa. Moyo unasukuma mpaka unachoka. Wangepitisha mrija mwembamba unaoongozwa na waya, kuanzia pajani, upite moyoni, ufike kwenye mapafu. Nchani kuna kiputo; kikifika palipobana wanakijaza, njia inapanuka, wanakitoa. Si kwa siku moja, mishipa michache kila mara.

"Nitarudi kwenye ngazi zangu?"

"Tukifungua ya kutosha, inawezekana. Ila ukisikia kikohozi mle ndani, usikizuie. Sema papo hapo."

"Huyu mchungeni, daktari," wifi akadakia. "Huyu hata akifa ataomba samahani kwanza."

Wakacheka wote watatu.

Siku ya matibabu, mezani alikuwa macho, paja tu ndilo lililotiwa ganzi. "Vuta pumzi. Shikilia. Haya, achia." Kushikilia pumzi! Hapo hakuna aliyemzidi, na moyoni akajisikia kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu. Mshipa wa kwanza ukafunguka; akasikia mtu akisema, "Safi."

Kwenye wa pili, kitu kikamtekenya kifuani. Akatazama nyuso zilizofunikwa barakoa, macho yote kwenye skrini, mikono yote imeshikilia kile kiwaya chembamba. Nitawaharibia kazi, akawaza. Akabana mdomo, kama vile nyayo zinapita. Akameza. Kikarudi, akameza tena, na safari hii mate yalikuwa na ladha ya chuma.

Kikohozi cha tatu kilimshinda. Damu ikaruka kwenye shuka.

"Kilianza lini?" daktari akauliza.

"Kitambo," akanong'ona.

Waya ulikuwa umetoboa mshipa mdogo. Wakakijaza kiputo palepale ili kuizuia damu, wakangoja. Hakuweza kusogeza hata mguu. Kwenye dari kulikuwa na doa, akabaki analitazama.

Wodini walimvalisha barakoa ya oksijeni.

"Damu imekoma," daktari akamwambia wifi. "Lakini tumefungua mmoja tu."

"Na iliyobaki?"

"Lipone kwanza hilo pafu. Kama atastahimili tena, kwa kweli sijui."

Wifi akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika nyayo. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Wifi yangu, ulikuwa unamstahi nani mle ndani?"

Simu ikalia. Ni msimamizi. Wifi akamwekea sikioni.

"Mama Ngazi, hujambo? Tukutegemee lini?"

Akabana mdomo kwa mazoea, akikusanya pumzi ya kusema sijambo, kesho kutwa nipo. Pumzi haikukusanyika. Akaachia. Kikohozi kikatoka chote, na kuhema nyuma yake.

"Hivi ndivyo ninavyohema," akasema. "Siku zote."

"Pole, mama. Pole sana." Msimamizi akasita. "Basi nitatafuta mtu ashike kwa sasa."

Wifi akakata simu. "Amesema kwa sasa. Umesikia? Kwa sasa."

Mama Ngazi alikuwa anahema, kwa sauti, na wodi nzima ikimsikia.