Mwanasaikolojia anayeuliza, "Mimi kwako ni nani?"

Saa moja na nusu asubuhi. Mwanasaikolojia anafuta vumbi kwenye viti viwili vya chumba chake cha ushauri, kitambaa mkono mmoja, simu mkono wa pili. Birika linaanza kuchemka kwenye kona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Umelala?"

"Nimelala vizuri. Nimekula. Mimi mzima kabisa. Nenda kazini, usichelewe."

Simu inakatika. Anaitazama kama mtu aliyeuziwa nazi mbovu.

"Umemsikia?" ananiuliza mimi, mwandishi niliyekuja kuiona kazi yake. "Mzima kabisa. Tangu tumzike mama, mwaka wa pili huu, baba hajawahi kuumwa hata mafua. Lakini suruali zake zote sasa anazifunga kwa kamba, na majirani wananiambia redio yake inaongea mpaka kunakucha."

Anachotaka ni kitu kimoja tu: baba yake akae na mtu, aseme. Amemwomba mara nyingi aende kwa mshauri mwingine, mwenzake wa hapa kliniki. Jibu ni lile lile la simu.

Mpokezi wa kliniki hii amembatiza Daktari wa Maneno. Kazi yake ni kusikiliza watu, na kwa miaka mitatu sasa anafanya pia utafiti: kwa nini karibu nusu ya wanaoingia chumba hiki hawarudi mara ya pili?

Majibu ya haraka yalikuwepo. Nauli. Foleni. Aibu ya kuonekana mlangoni. Yote ni kweli, lakini hayakumtosha. Watu wanaoishi hatua chache kutoka hapo nao walikuwa wanapotea.

Aliyemfungua macho ni kinyozi.

Huyo ni mzee mfupi, mcheshi, ambaye kibanda chake kina kioo kimoja kikubwa na benchi lisilokosa wabishi. Alifiwa na mkewe, kisha mkono ukaanza kumtetemeka. Kinyozi mwenye mkono unaotetemeka hana mteja. Mwanawe akamleta kliniki karibu kwa nguvu.

"Nilimpokea kwa heshima zote," anasema Daktari wa Maneno. "Shikamoo baba, karibu baba, kaa hapa baba pana mto. Nikainamisha macho kama nilivyolelewa. Akanibariki. Akaniuliza kama nimeolewa. Akanifundisha jinsi ya kuishi na mawifi. Tukacheka. Nikaandika: anaendelea vizuri."

Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu.

Kisha, kwa ajili ya utafiti, akasikiliza mazungumzo yao, ambayo mzee alikuwa amekubali yarekodiwe. Akashika kichwa.

"Maswali yote yalikuwa yake! Mimi ndiye niliyekuwa nashauriwa. Mgonjwa ni mimi, daktari ni yeye, na ushauri wake ulikuwa mzuri kweli kweli."

Heshima ile ile iliyompa mzee mto ndiyo iliyomfunga mdomo. Aliitwa baba, akawa baba. Na baba gani huyo atakayemlilia binti yake?

Mzee aliporudi mara ya nne, alikuta viti vimesogezwa na swali linamngoja. "Mimi kwako ni nani?"

Kinyozi mwenyewe ananisimulia kilichofuata, akiwa anamnyoa mteja, wembe umetulia kidoleni. Amekubali niandike habari zake.

"Nikamwambia, wewe ni mwanangu, sasa nikuite shangazi? Akaniuliza, mambo mazito unamwambia nani? Nikafikiri. Nikasema, mjukuu wangu. Yule hana adabu, ananiita kibogoyo. Kwake nasema chochote."

Daktari wa Maneno akasema basi, leo yeye ni mjukuu.

"Nikacheka sana! Mjukuu gani anakaa kama yuko mbele ya hakimu? Nikamwambia, nitanie kwanza nikuone."

Daktari wa Maneno anakumbuka jasho lililomtoka. Shahada zake zote hazikumfundisha kumtania mtu wa umri wa baba yake. Akamtazama juu, akamtazama chini, akasema lililo karibu: "Haya babu, huko kisogoni kinyozi gani amekuharibu hivyo? Mbona kama shamba lililoingiliwa na mbuzi?"

Mzee akacheka mpaka akajishika mbavu. Mkono wake ukapanda taratibu, ukagusa kisogo, ukabaki pale.

"Huku nyuma," akasema, "alikuwa ananinyoa marehemu."

Kinyozi hawezi kukiona kisogo chake. Kila Jumamosi, baada ya kufunga kibanda, alikaa kwenye kigoda uani, na mkewe akashika wembe. Alikuwa anamsema muda wote: tulia, wewe mzee, unatikisika kama mtoto. Sasa alikuwa anajinyoa kwa kupapasa.

Alilia siku hiyo, mbele ya mjukuu wake wa saa moja. Mkono haukupona kesho yake. Ulichukua miezi. Lakini alirudi kila alipotakiwa, na leo benchi lake limejaa tena wabishi.

"Na kisogo?" namuuliza.

Anageuka nikione. Kimenyooka. "Mjukuu mwenyewe. Yule anayeniita kibogoyo. Amenikata mara mbili, mshenzi, lakini anajifunza."

Tangu hapo, swali lile limekuwa moyo wa utafiti. Kila anayeingia anaulizwa, na hakuna jibu baya. Mama mmoja alitaka wifi, kwa sababu alikuwa na ugomvi wa kumaliza na wifi yake. Dereva alitaka kaka mkubwa. Msichana mmoja alijibu bila kufikiri: "Uwe mtu baki. Ndugu ndio walionifikisha hapa."

Wanaokimbia baada ya siku ya kwanza wamepungua. Kwa kiasi gani, hataki kusema kabla kazi haijakamilika. Si wote wanaomshangilia. Msimamizi wake alimwonya kwamba mshauri si ndugu wa mtu, na kwamba mipaka ikivunjika atakayeumia ni mgonjwa.

"Ana haki ya kuogopa," anasema. "Ndiyo maana kinyozi aliponiambia niende anikate nywele bure, nilikataa. Undugu wetu unakaa humu ndani. Ila nilimwambia msimamizi, mtu anaingia hapa akiwa tayari ameshanipa nafasi kichwani mwake. Mimi naomba tu kuijua."

Ndoto yake ni kuona swali hilo likifundishwa kwa kila mshauri anayeanza kazi. Lakini kuna mlango mmoja ambao swali halimsaidii kuufungua. Kwa baba yake, yeye ni binti, basi.

Saa kumi jioni anafunga madirisha. Simu inaita. Ni baba, na si kawaida yake kupiga.

"Huyo mwenzako unayemsema kila siku," sauti inaanza, bila salamu. "Ana umri gani?"

Daktari wa Maneno anakaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Mnalingana, baba."

"Hataniita baba?"

"Hawezi. Mtaitana majina mabaya tu."

Redio inasikika nyuma yake.

"Anacheza drafti?"

"Sijui, baba."

"Muulize. Tangu mama yako aondoke sina wa kumfunga. Kama anacheza, nitakuja Jumatatu nimfunge. Siji kutibiwa, unanisikia? Nakuja kumfunga."

"Nakusikia, baba."

Anakata simu. Anapangusa macho kwa kitambaa kile kile cha vumbi, anaacha alama nyeusi shavuni, haraka anamwandikia mwenzake ujumbe: Unacheza drafti?

Jibu linarudi upesi. Hapana, kwa nini?

Anaandika: Jifunze. Una mpaka Jumatatu.