Fundi wa Visima na Pikapu ya Kilomita Laki Nne na Nusu

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mjini Kharumwa, Limi Ng'wandu ameinama juu ya injini. Kanga ameikaza kiunoni juu ya suruali ya kazi. Anachomoa kipimo cha oili, anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena na kukiinua kwenye mwanga mdogo unaoanza kutoka upande wa mashariki.

"Imekunywa kidogo tu," anasema kwa kuridhika, na kuongeza robo lita.

Anafunga boneti, anapanda, anazungusha funguo nusu na kusubiri taa ndogo ya njano kwenye dashibodi izimike, ishara kwamba injini imepashwa. Ndipo anawasha. Pikapu nyeupe ya dizeli inatikisika, inakohoa moshi mweusi mara moja, kisha inatulia na kunguruma. Nyuma yamelala mabomba kumi na manne ya chuma, kila moja mita tatu, pamoja na spana mbili kubwa na miguu mitatu ya chuma ya kunyanyulia mabomba kutoka ardhini.

Mumewe, Mayala, anatoka ndani na chupa ya chai. "Mwangaluka, dereva," anamsalimia kwa Kisukuma, akicheka. Limi anapokea chai. Saa ya kilomita mbele yake inasoma 471,306.

"Watu wakichungulia namba hiyo wanashika vichwa," anasema. "Mimi namba kubwa haikunitisha. Iliyonitisha ni ile ndogo."

Limi, mwenye miaka 43 na mama wa watoto watatu, ni fundi wa visima vya pampu ya mkono katika Wilaya ya Nyang'hwale. Kazi hiyo aliifahamu miaka kumi na mbili iliyopita, kijiji chao kilipochimbiwa kisima na watu kumi na mmoja wakafundishwa kukitunza. Kati yao mwanamke alikuwa yeye peke yake. Wenzake walihama mmoja mmoja, wengi wakaenda kutafuta dhahabu. Yeye akabaki na spana.

Leo vijiji zaidi ya thelathini vina namba yake ya simu. Kamati ya maji humlipa kati ya shilingi elfu sabini na laki moja na nusu kwa kisima, kutegemea kina.

Tatizo halikuwa kazi. Tatizo lilikuwa mabomba.

"Bomba la mita tatu utalibeba na nini?" anauliza. Kwa miaka mingi aliyabeba kwa bodaboda, akiyafunga mabomba ubavuni mwa pikipiki na kukaa juu yake. Mwaka 2021 bomba moja lilinasa kwenye ukingo wa daraja. Yeye na dereva walirushwa hadi kwenye majaruba ya mpunga. Limi alivunjika mtulinga, akakaa miezi mitatu bila kushika spana.

Baada ya hapo alianza kukodi gari. Safari moja ilimgharimu elfu tisini, na mara nyingi mwenye gari hakutokea.

Siku anayoikumbuka zaidi ni ya kiangazi cha miaka miwili iliyopita. Pampu ya kijiji cha Ilongwe iliharibika. Mwenye gari aliahirisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Limi alifika siku ya tisa. Alikuta wanawake wameanza kuchota maji kwenye duara, shimo la wachimbaji lililoachwa likajaa maji ya mvua. Watoto walikuwa wanaharisha. Msichana wa miaka minne alikuwa amelazwa zahanati.

"Alipona, namshukuru Mungu," anasema Limi. "Lakini kuna bibi mmoja alinisogelea nikiwa nafungua pampu. Akaniita mayu, yaani mama, akaniambia, 'Umekuja. Umekuja tumeshakunywa.' Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali."

Aliporudi nyumbani jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba anataka gari.

Mayala ni mkulima wa mpunga na mfugaji. Alisikiliza. Siku ya tatu alisema watauza ng'ombe watano kuongezea akiba ambayo mkewe ameijenga kwa miaka sita katika kikundi cha hisa. Kwa familia ya Kisukuma, hilo si neno la kusemwa kwa wepesi.

"Nilimpa sharti moja," anasema Mayala. "Nilimwambia, Mama Ritha, usininunulie gari zee. Mzee ni mshauri, hatumwi kubeba mzigo."

Limi alikwenda Geita mjini, kata ya Kalangalala, kumtafuta fundi magari aitwaye Herman, ambaye watu walimsifu kwa masikio makali ya kusikiliza injini. Pamoja walizunguka yadi za magari kwa siku mbili. Siku ya pili dalali aliwaonyesha pikapu nyekundu inayong'aa kama iliyopakwa mafuta. Saa yake ya kilomita ilisoma elfu tisini na sita tu. Bei, milioni kumi na saba.

Limi aliipenda papo hapo. Aliingia, akakamata usukani, akajiona tayari yuko barabarani.

Herman hakufungua hata boneti. Alichuchumaa mlangoni, akaelekeza kidole chini, penye pedali. Mpira wa klachi ulikuwa umelika hadi chuma kinaonekana. Kiti cha dereva kilikuwa kimezama upande mmoja.

"Mama, kilomita elfu tisini hazili mpira namna hii," alimwambia. "Saa imerudishwa nyuma. Miguu ya dereva hairudishwi."

Dalali alianza kuongea haraka haraka. Limi alishuka, akafunga mlango taratibu, akamshukuru kwa muda wake.

Wiki iliyofuata Herman alipata habari za mzee mmoja huko Buseresere, njia ya kwenda Biharamulo. Wilbard, mwenye miaka 68, alikuwa dereva wa parokia kwa miaka mingi. Alipostaafu aliuziwa pikapu aliyokuwa akiiendesha mwenyewe. Sasa macho yake yalikuwa yamepungua nguvu na watoto wake walimsihi aachane na usukani.

"Shikamoo baba," Limi alimsalimia.

"Marahaba mwanangu. Gari ndilo hilo. Limetembea kilomita laki nne na elfu hamsini na nane. Ngoja nikutajie ubaya wake kwanza, uzuri utauona mwenyewe."

Akautaja kama anayeungama. Gia ya pili ni mkaidi asubuhi. Mlango wa kushoto unafunguliwa kwa nje tu. Inakunywa nusu lita ya oili kila kilomita elfu moja. Rejeta iliwahi kuzibwa, na akaonyesha mahali. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari la jalada gumu lenye tarehe za kila alipobadilisha oili, kwa mwandiko ule ule, miaka kumi na tisa.

Herman aliwasha, akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, akaangalia kama moshi unapanda. Akaweka kiganja kwenye ekzosi. Akaingia uvunguni na tochi. Alipotoka alisema hawanunui leo.

"Gari la dizeli likiwa la moto linaweza kukudanganya," alieleza. "Nilitaka nilione likiamka na baridi."

Walilala Buseresere. Saa kumi na mbili asubuhi walikuwa uani kwa mzee. Herman aligusa boneti kuhakikisha hakuna aliyewatangulia kuipasha. Ilikuwa baridi kama jiwe la kusagia. Wilbard alimpa Limi funguo, akamfundisha kusubiri ile taa ya njano. Mara ya kwanza injini iligoma. Mara ya pili ikawaka, ikatoa moshi mweusi, na moshi ukakatika.

"Chukua hii," Herman alisema.

Walikubaliana milioni kumi na mbili na nusu, na sharti la Mayala likawa limevunjwa.

Mambo yaliharibika siku nne baadaye, gari lilipopelekwa kituo cha polisi kukaguliwa ili umiliki ubadilishwe. Askari mkaguzi alilala chini, akasoma namba iliyogongwa kwenye chasisi, akainuka na kuilinganisha na kadi. Akarudi chini mara ya pili.

"Mama, hapa kwenye kadi kuna nane," alisema. "Kwenye chasisi naona tatu. Gari litabaki hapa mpaka tujue ni la nani."

Limi alimpigia Wilbard, simu haikupatikana. Akapiga tena jioni, na kesho yake, na keshokutwa yake. Haikupatikana.

Kharumwa habari hazilali. Jirani mmoja alimwambia usoni kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ni wa wizi. Mayala alikwenda kukaa karibu na zizi, akiangalia nafasi ya ng'ombe watano.

"Kumwona pale zizini ndiko kuliniua," anasema Limi. "Nilikuwa najiuliza, hivi nimemwamini mtu kwa sababu ya daftari tu?"

Siku ya nne asubuhi alirudi kituoni, bila kujua anakwenda kufanya nini. Alimkuta Wilbard amekaa kwenye benchi, koti limejaa vumbi, bahasha ya plastiki iko mapajani.

Mzee alikuwa Ushirombo kwenye mazishi ya shemeji yake, simu ikazima chaji huko. Alipoiwasha alikuta ujumbe wa Herman ukimweleza yaliyotokea. Hakwenda nyumbani. Alipanda basi la kwanza, akapitia parokiani kuchukua nakala ya zamani ya kadi, akaja moja kwa moja.

"Nimesikia naitwa mwizi," alimwambia Limi. "Sikukasirika. Hata mimi ningefikiri hivyo."

Nakala ile nayo ilikuwa na nane, kwa hiyo alimwomba askari brashi ya waya na dizeli kidogo. Macho yake hayakuona vizuri, kwa hiyo Limi ndiye aliyelala uvunguni, mzee akimwelekeza kwa sauti mahali pa kusugua. Rangi ya zamani ilikuwa imechuruzika juu ya namba na kuganda. Ilibanduka vipande vipande. Askari akalala tena chini na tochi, ubavu kwa ubavu na Limi.

"Nane," alisema hatimaye. Kisha akacheka. "Ni nane, mama. Nane kabisa. Rangi ilikuwa imeziba ubavu wake."

Limi hakutoka uvunguni mara moja. Alibaki amelala chali kwenye mchanga, brashi kifuani, akicheka na machozi yakimtiririka hadi masikioni.

"Askari aliniuliza kama nimeumia," anakumbuka. "Nilimwambia niache kidogo, napumzika. Zile siku nne sikuwa nimepumua."

Wilbard alikataa nauli aliyopewa, ila hakukataa ugali na samaki. Jioni Limi aliendesha mwenyewe hadi Kharumwa, leseni yake ikiwa na miezi miwili. Mayala alisikia mlio akiwa zizini. Alizunguka gari mara mbili, akapiga kiganja kwenye bodi, akasema neno moja: "Wabeja." Asante. Siku hizi Jumapili baada ya ibada yeye ndiye anayelisafisha, na hamruhusu mtu mwingine.

Mwaka mmoja umepita. Gari limebadilishwa plagi za kupashia injini na mpira mmoja wa rejeta. Mafuta ya safari hayazidi elfu thelathini na tano, na kinachobaki kinamtosha Limi kumlipia Ritha, binti yake mkubwa, ada ya chuo cha uuguzi.

Anachopenda kutaja zaidi ni siku. Tangu aanze kutumia pikapu hiyo, hakuna kijiji kilichomsubiri zaidi ya siku mbili.

Asubuhi hii anaelekea Ilongwe kubadilisha mpira wa pistoni ya pampu kabla haujaisha. Sasa vijiji saba vimekubaliana naye azipitie pampu kila baada ya miezi mitatu, zikiwa bado nzima. Njiani anawapakia wanawake wawili, Suzana na Elieth, ambao amekuwa akiwafundisha kazi tangu mwezi wa pili. Mpango wake ni kila kijiji kati ya hivyo saba kiwe na wanawake wawili wanaoweza kufungua pampu yao wenyewe, na yeye awe mtu wa kuleta mabomba na vipuri tu.

Leo, anasema, Suzana na Elieth watafungua kisima peke yao kwa mara ya kwanza, kuanzia mpini hadi bomba la chini kabisa.

"Na wewe utakuwa wapi?" anaulizwa.

"Nitakaa ndani ya gari na chai yangu," anajibu, akiingiza gia ya pili kwa nguvu. "Nikiona wanakosea, nitapiga honi."