Mkalimani Afundisha Brekifasti

Mama Mbambu alikuwa amemchoka mkalimani wa wazungu kabla hata hajafungua mdomo. Kila asubuhi, pale kambini Kirolirwe, mkalimani huyo alipangusa kiti kwa leso, akajimiminia chai ya termosi, kisha akawafundisha Kiingereza wakimbizi waliokuwa wakingoja maharage. Leo ilikuwa zamu ya "brekifasti", chakula cha asubuhi.

"Iko maneno mbili, wameunganisha," alisema, mkate umemjaa shavuni, wala hakumkaribisha mtu. "Usiku hauli, hiyo njo kufunga. Asubuhi unavunja ile kufunga. Munaelewa?"

"Tunaelewa, Papa," akajibu Mama Mbambu. "Sisi tunafunga tangu tukimbie vita Buleusa. Vunja basi, tuone."

Mkalimani akaifunika termosi, akaihamishia upande wa pili wa kiti.